Kumfuta Mama Mkwe

Maboksi ya vitabu yalifika Jumamosi, chakula cha mchana kikiwa bado jikoni, na kwa muda mfupi hakukuwa na nyumba yenye raha mtaani kuliko ile. Dereva aliyabwaga mlangoni. Mama mkwe akatoka na kisu cha kukatia vitunguu, akachana gundi ya boksi la kwanza, akatoa kitabu, akakinusa kabla ya kukifungua.

"Kinanukia upya," alisema. "Hongera, mkwe wangu. Hongera sana, baba."

Mkwe mwenyewe, ambaye wasomaji wake wa mtandaoni walimbandika jina la Ticha ingawa hajawahi kushika chaki, alisimama amekunja mikono kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imefunga milango, na kilichobaki mkononi mwake ni masomo aliyokuwa akiyaandika kwenye blogu yake, kwa Kiswahili, ya namna ya kutengeneza tovuti kwa kutumia kiunzi. Kiunzi, kwa wewe usiyejua, ni kama fremu ya nyumba iliyokwisha kusimamishwa: wewe unaezeka, unapaka rangi, unahamia. Watu wakawa wanamwandikia: Ticha tunaomba kitabu, Ticha mtandao huku kwetu ni wa kubahatisha, tupe kitu cha kushika. Basi akayakusanya masomo, akayapanga sura kwa sura. Akapigana na mistari ya programu iliyokuwa ikikatika pembeni mwa ukurasa. Akapigana na kompyuta iliyokuwa ikizipinda alama za kunukuu kila akigeuza mgongo, maana kwenye programu alama ikipinda hakuna kinachokwenda. Mkewe, muuzaji wa duka la dawa, mtu aliyezoea kusoma mwandiko wa madaktari, ndiye aliyezisaka alama zilizopinda kila jioni akitoka kazini.

Aliyelipia uchapaji ni mama mkwe, aliyeuza friza yake. Na friza ile ndiyo iliyokuwa kazi yake: maji ya baridi, barafu, juisi za kugandisha za watoto wa shule. Aliinunua jirani wa ng'ambo ya barabara, na tangu siku hiyo mama mkwe akitaka maji ya baridi ndani ya nyumba yake mwenyewe, humtuma mjukuu wake Kadogo akanunue kwa jirani. Jirani humtolea kutoka friza ile ile, tena kwa sauti ya kusikika barabara nzima: "Bibi hajambo? Mwambie inagandisha vizuri!" Mama mkwe alivumilia. Alisema kitabu kikiuzwa atanunua nyingine, kubwa zaidi.

Maboksi aliyaingiza chumbani kwake kwa sababu ndicho chumba pekee kisichovuja. Chuo cha ufundi kilikuwa kimekubali kuvinunua vitabu vyote kwa ajili ya darasa jipya, malipo papo hapo, mradi vifike Jumatatu asubuhi. Visipofika, mkuu wa idara alisema, darasa litaanza na vitabu vya kigeni vilivyo stoo, na asisumbuliwe tena.

Sasa, Mjomba. Mjomba ni mdogo wake mama mkwe, na ana kipaji kimoja ambacho hakuna aliyemfundisha: hufika chakula kinapopakuliwa. Alikula, akaongezwa, akajifuta midomo, akanyoosha mkono.

"Nipeni hicho kitabu. Tumbo limeshiba, sasa kichwa nacho kile."

Akavaa miwani, akafungua katikati, akasafisha koo kwa ile sauti anayoitumia misibani.

"'Sura ya saba. Kufuta. Mpaka sasa tumejifunza kumwongeza mtu kwenye tovuti yetu ya familia. Leo tujifunze kumwondoa. Kwa mfano, tumchukue Mama Mkwe.'"

"Ehee!" Mama mkwe akapiga makofi, akajiweka sawa kitini. "Nimo! Jamani, nimo kitabuni! Soma, soma."

"'Mama Mkwe hatumhitaji...'" Mjomba akasita. Akaivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, kana kwamba kosa ni la kioo.

"Mbona umenyamaza?"

"Dada, hii sura naona ni ya kitaalamu mno. Tutafute nyingine."

"Nimesema soma."

Ticha alifumba macho.

"'Mama Mkwe hatumhitaji tena, kwa hiyo tumfute. Usiogope. Kumfuta Mama Mkwe ni kazi ya sekunde moja tu. Andika amri iliyo hapa chini, bonyeza, kisha mwite tena ili kuhakikisha. Ukipata jibu kwamba Mama Mkwe hayupo, hongera! Umefaulu.'"

Kijiko kilianguka jikoni. Mkewe Ticha alikuwa amesikia. Kadogo akamtazama bibi yake toka kichwani hadi miguuni.

"Bibi, umefutwa?"

"Mama," Ticha alisema, "huo ni mfano tu."

"Mfano wa nini?"

"Wa... wa kufuta."

Hakuna mtu aliyewahi kujitetea vibaya kuliko hivyo. Na Mjomba, badala ya kukifunga kitabu kama mwenye akili, alianza kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, kujitafuta. Akajipata sura ya pili.

"'Mjomba ni kigeugeu,'" alisoma. Sauti ya msiba ikamtoka. "Mimi? Mimi ni kigeugeu?"

Kigeugeu ndilo neno ambalo Ticha alilichagua kukiita kile kichombo cha ndani ya programu kinachobeba thamani inayoweza kubadilika. Ni neno zuri, ukilisikia darasani. Ukilisikia mezani kwa dada yako, mchuzi wake haujakauka kwenye kidevu, ni habari nyingine kabisa.

"'Leo tunaweza kumpa Mjomba kumi, kesho tukampa sifuri. Mjomba hupokea chochote anachopewa.'"

"Hilo ni kweli," mama mkwe alisema, hata katika uchungu wake. Kisha akamgeukia Ticha. "Nasikia kwenye vitabu huwa kuna mahali mwanzoni wanaposhukuru watu. Nitafutie hapo. Nisomee mimi mwenyewe niliposhukuriwa."

Hapo sasa Ticha alitamani ardhi ipasuke. Ukurasa wa shukrani ulikuwepo, aliuandika vizuri, akaulilia kabisa. Lakini mpiga chapa alimweleza kwamba mtambo wake unakwenda kwa kurasa kumi na sita kumi na sita. Ukizidisha mmoja, unalipia fungu zima la karatasi. Na yeye alikuwa amezidi ukurasa mmoja.

"Mama, tulibanwa na kurasa. Tulizidi mmoja tu."

"Na aliyezidi ni mimi."

Akainuka. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Akaingia chumbani kwake yaliko maboksi, akafunga mlango, na wote wakasikia ufunguo ukizunguka.

Jikoni, mume na mke waligombana kwa kunong'ona, ule ugomvi wa watu wanaoishi kwenye nyumba ya mtu.

"Nilikwambia ubadilishe majina!"

"Ulicheka. Ulicheka mpaka ukakaa chini."

"Nilicheka yakiwa mtandaoni! Mtandaoni Mama anakwenda kufanya nini? Kitabu kina jalada. Kitabu kinashikwa, kinasomwa mezani na mjomba mwenye domo. Hukuona tofauti?"

Hakuiona, na huo ndio ulikuwa ukweli mtupu. Masomo yale aliyaandikia mezani sebuleni, watu wakipita. Alihitaji watu wa mfano wa kujaza kwenye tovuti yake ya mfano, akainua macho, akaona waliokuwepo: Mama Mkwe anachambua mboga, Mjomba amelala kwenye kochi na mdomo wazi. Akaandika alichokiona. Fundi seremala akitaka kupima msumari haendi kununua mbao mpya, hupigilia iliyo karibu.

"Naomba unijibu vizuri," mkewe alisema. "Humo ndani kuna kitu kingine chochote kumhusu Mama? Maana mimi nilisoma hadi hiyo sura ya saba, halafu zilizobaki nikawa naangalia alama tu. Sema sasa, tusije tukashtukizwa tena."

Ticha akafungua bomba.

Kitu kilikuwepo, sura za mbele huko, na kwa kweli kingeweza kumsaidia. Lakini kukitamka mbele ya mkewe, na mjomba yule akiwa amekaa sebuleni masikio wazi, ilikuwa ni sawa na kuvua shati sokoni. Kuna mambo mwanamume huyaandikia watu asiowajua usiku na mchana, na hawezi kumwambia mtu anayelala naye kitanda kimoja.

"Hakuna," alisema, akaendelea kuosha sahani ambayo ilishaoshwa.

Jumapili asubuhi alisimama nje ya ule mlango.

"Shikamoo, Mama."

Kimya. Alikuwa macho, maana redio yake ndogo ilikuwa inasema. Ticha akarudia. Redio ikaongezwa sauti. Nyie mnaodhani matusi ni lazima yawe na maneno, hamjawahi kuamkia mtu asiitikie.

Mkewe akaenda yeye. Akafunguliwa, akaingia, na walioko nje wakasikia swali moja tu likipita chini ya mlango: "Na wewe ulijua?" Alitoka macho mekundu. "Ameniuliza kama nilijua," alimwambia mumewe. "Nimemwambia nilijua. Sijui kumdanganya Mama. Sasa amenijumlisha na wewe."

Wakamtuma Mjomba kuwa mpatanishi. Alipokwenda alikuwa na msimamo kwamba dada asamehe, ni ujana. Baada ya robo saa alitoka na msimamo mwingine: kwamba wamekosewa wote wawili, kwamba na yeye anadai kuombwa radhi, tena kwa maandishi. Mkewe Ticha akamtazama. "Mjomba, halafu unakasirika ukiitwa kigeugeu?" Mjomba akatafuta kofia yake.

Mchana simu ikalia. Ni mkuu wa idara, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alitaka tu kuhakikisha kwamba kesho saa mbili vitabu vitakuwa chuoni, kwa sababu funguo za stoo anazo mkononi na wanafunzi hawawezi kukaa bure. "Vitakuwepo," Ticha alisema, akaikata simu, akabaki ameishika kana kwamba inaweza kumpa ushauri.

Akafikiria kumpelekea maji ya baridi, kama mwanzo wa mazungumzo. Hakumtuma Kadogo, akavuka barabara mwenyewe.

"Poleni na msiba," jirani alimwambia, akiinua mfuniko wa friza.

"Msiba gani?"

"Si nasikia Bibi amefutwa?" Akacheka hadi bega likamtikisika. "Mjomba wenu alipita hapa. Lakini, Ticha, hebu niambie ukweli, hiyo amri ya sekunde moja inafanya kazi kwa mkwe yeyote? Mimi wangu wa kiume ananisumbua."

Ticha alilipa, akachukua chupa, akaondoka bila kungoja chenji yake. Mlangoni kwa mama mkwe aliiweka chupa sakafuni, akapiga magoti kabisa, mwanamume mzima na mvi zake mbili tatu, akaongea na tundu la ufunguo.

"Mama, nimekosa. Nimewaza hivi: nitanunua kalamu nene ya wino mweusi. Tutakaa sisi wote, tupite kitabu kimoja kimoja, kila palipoandikwa Mama Mkwe tupake wino. Usiku huu huu. Asubuhi hutaonekana popote."

Redio ilizimwa, na kwa mara ya kwanza tangu jana sauti yake ikasikika.

"Umenifuta kwa kompyuta. Sasa unataka kunifuta na kwa wino?"

"La, Mama, maana yangu..."

"Au tukabandike karatasi ya shukrani basi!" mkewe alidakia kutoka nyuma. "Ukurasa mmoja tu mdogo, Mama, kwa gundi, mbele kabisa."

"Mimi si kiraka. Niliuza kilichonilisha mimi na nyie, nikaona fahari. Nikawaambia watu wote kanisani na dukani, mkwe wangu anatoa kitabu. Kumbe kitabu chenyewe kinafundisha watoto wa watu namna ya kuniondoa, na mtu akifanikiwa anapewa hongera! Nendeni mkalale. Vitabu havitoki."

Ticha alibaki pale sakafuni. Yale maneno ya sura za mbele yalimfika mpaka kwenye ulimi. Mkewe yupo, mtoto yupo, dirisha la jirani liko wazi. Akayameza tena, makubwa kama tonge lisilotafunwa. Na chupa ya maji ikapata joto pale pale ilipowekwa.

Jumatatu, kabla jua halijapanda, mlango ulifunguliwa bila mtu kubisha.

Mama mkwe alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na viatu vya kufunika. Mkoba mkononi. Macho hayakuwa na usingizi ndani yake, lakini nywele zilikuwa zimechanwa zikakaa.

"Ita gari," alimwambia binti yake. "Mzigo utoke."

Mkewe Ticha akataka kumrukia shingoni, akazuiwa kwa kiganja.

"Ngoja kwanza. Mzigo unatoka na mimi. Nataka huyo mkuu wa idara anione kwa macho. Nimwambie mimi ndiye huyo anayefundishwa kufutwa, na pesa zilizomfuta nilizitoa mimi. Nikishamaliza kusema, anunue au asinunue, hiyo ni juu yake na Mungu wake. Sitafutwa kimya kimya."

"Mama, wataturudisha!" binti alisema. "Atakataa vitabu vyote!"

"Atakataa akijua ukweli."

Ulikuwa ni uamuzi wa haki, mtu akitaka kuwa mkweli, na ndiyo maana ulitisha. Ticha aliinamia mzigo. Alibeba boksi la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, akayapanga nyuma ya gari la kukodi, na mama mkwe akapanda mbele kwa dereva. Ticha akakaa nyuma na mizigo. Njia nzima alikuwa akihesabu moyoni atakachomwambia mkewe watakaporudi na mzigo wote ule: hana kazi, friza haipo, mama amedhalilika, na vitabu vimejaa kwenye chumba kikavu ambacho hawatakuwa na uso wa kukiingia.

Chuo kilikuwa na jengo refu la ghorofa moja, madirisha ya vioo vidogo vidogo, nusu vimevunjika. Mkuu wa idara aliwapokea mlangoni mwa darasa la kompyuta, saa akiitazama mkononi. Ndani wanafunzi walikuwa wamekaa wawili wawili kila mashine, wakibishana.

"Umefika, Ticha. Vizuri. Washushe..."

"Wasishushe bado," mama mkwe alisema. "Mwanangu, wewe ndiye mkuu hapa? Mimi nina neno. Na nataka hawa watoto nao wasikie, kwa kuwa ndio watakaofundishwa."

Mkuu wa idara alimtazama Ticha. Ticha alikuwa anatazama viatu vyake. Akasogea pembeni, mama mkwe akapita, akasimama mbele ya darasa na mkoba wake ameukumbatia kifuani. Kelele zikapungua.

"Mnamjua huyu?" akanyoosha kidole bila kugeuka.

"Tichaaa!" darasa likaitikia. Walikuwa wakisoma masomo yake mtandaoni muda mrefu kabla ya kufikiria kujiandikisha chuoni.

"Basi mimi," alisema, kwa sentensi aliyokuwa ameirudia usiku kucha, "mimi ndiye Mama Mkwe."

Alikuwa amejiandaa kwa ukimya, kwa aibu, kwa nyuso zitakazoinama. Kilichokuja ni mlipuko. Wanafunzi waliinuka kwenye viti. Mmoja alipiga meza. Wengine walitoa simu wapige picha.

"Ni yeye! Ni yeye mwenyewe!"

"Mama Mkwe yupo kweli? Mimi nilidhani wa kutunga!"

Msichana wa nyuma, mwenye msuko mnene na sauti inayozidi mwili wake, alikuja mpaka mbele, akapiga goti. "Shikamoo, Mama. Jamani, Mama, umetutesa wewe!"

"Marahaba. Nimewatesa? Mimi?" Mama mkwe aliubana mkoba zaidi. "Nimewafanya nini?"

"Hufutiki!"

"Vipi?"

"Hufutiki, Mama! Wiki nzima, kabla hata darasa halijaanza, tunafuata masomo ya mtandaoni. Somo la saba tulikufuta vizuri, hakuna tatizo. Tukaendelea. Tulipofika somo la kumi na moja, Ticha akatuambia tukufute tena, tuone. Tukajaribu, ukakataa. Huyu amejaribu, umekataa. Yule pale ameizima mashine akaiwasha, bado umekataa. Tangu asubuhi tunabishana ni nani mwenye makosa."

"Hakuna mwenye makosa," Ticha alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo tangu nyumbani, na sauti ilitoka kavu. "Ndivyo inavyotakiwa iwe."

Mama mkwe akamgeukia. "Ndivyo inavyotakiwa iwe nini?"

Ticha akarudi kutazama viatu vyake. Msichana wa msuko, ambaye hakujua hata kidogo amesimama juu ya nini, akamshika mama mkwe mkono, akamketisha kwenye kiti chake mbele ya mashine. "Jaribu mwenyewe, Mama. Hili hapa jina lako. Bonyeza hapa, palipoandikwa Futa."

"Nibonyeze nijifute?"

"Jaribu uone."

Alitoa miwani mkobani. Akanyoosha kidole kimoja kama anayegusa sufuria kujua kama ni ya moto. Akabonyeza. Maandishi mekundu yakatokea, naye akayasoma kwa sauti, taratibu, akifuata kwa kidole kwenye kioo.

"'Haiwezekani kumfuta Mama Mkwe. Kuna watu wanaomtegemea.'"

Akabonyeza tena. Yakatokea yale yale. Akabonyeza mara ya tatu, kwa nguvu, kwa hasira yote ya siku mbili, na mashine ikamjibu vile vile.

"Inakuwaje hii?" aliuliza, lakini chini chini.

Mkuu wa idara ndiye aliyemweleza, akiwa amesahau saa yake. "Ni sehemu ngumu kuliko zote katika kiunzi hiki, Mama, na sijaona aliyeieleza vizuri kuliko Ticha. Mtu asiyetegemewa na yeyote, unamfuta tu. Lakini ukishaandika kwamba fulani anamtegemea fulani, yule anayetegemewa hagusiki tena. Ukimwondoa, wengine wote wanaanguka. Kwa hiyo programu inakataa. Ndiyo maana alianza kwa kukufuta, ili baadaye waone kosa la kukufuta. Hapo chini kuna majina yao."

Mama mkwe alisogea karibu na kioo.

"'Wanaomtegemea Mama Mkwe: Binti. Mjukuu. Mjomba.'" Akaguna. "Mjomba! Huyo hata bila kompyuta inajulikana." Darasa likacheka. Kidole kikashuka mstari mmoja, kikasimama. Kilikaa pale muda mrefu mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"'Mkwe,'" alisoma.

Akamgeukia Ticha.

"Na wewe umo?"

"Nimo, Mama."

"Nani alikuweka?"

Hapa ndipo palipokuwa pamemkaba Ticha tangu Jumamosi. Mwanamume mwenye mke na mtoto, anayelala kwenye nyumba ya mama mkwe, anayekula cha mama mkwe, aliyetolewa kazini, alikuwa amekaa mezani siku moja akaandika hivyo, wazi, watu wa kila mahali wasome. Kuwaandikia wageni hakukumwuma. Kulisema mbele yake ndiko alikoshindwa, akaona afadhali aitwe mkwe asiye na adabu kuliko aitwe tegemezi.

"Nilijiandika mwenyewe," alisema. "Zamani, kabla hata ya kitabu. Siku ile kampuni ilipofungwa nikarudi nyumbani mchana, ukaniwekea chakula bila kuniuliza kitu. Nilikaa nikaandika hilo somo."

"Na tangu juzi umeniacha ninalia na hukuniambia."

"Niliona aibu, Mama."

"Aibu!" Aliivua miwani. Machozi yalikuwa yanashuka, naye hakuyazuia wala hakuyafuta. "Mkwe wangu, wewe ni msomi, lakini ni mpumbavu. Hivi unadhani nilikuwa silijui hilo? Mimi ndiye ninayepakua!"

Kicheko kilichotoka darasani safari hii kilimchukua hata mkuu wa idara. Ticha alicheka pia, kicheko kibaya, cha mtu aliyekuwa ameshika pumzi siku mbili, na katikati yake akajikuta naye analia, akajigeuza aelekee dirishani. Alijisikia mwepesi. Alijisikia angeweza kulala pale pale sakafuni, kati ya nyaya za kompyuta, akaamka Jumatano.

Mama mkwe aliinuka, akaunyoosha gauni lake, akamtazama mkuu wa idara kama mwenye mali anavyomtazama mnunuzi.

"Mimi nilikuja na maneno yangu," alisema, "lakini yamekwisha. Unavichukua vyote?"

"Vyote, Mama. Na kama vipo vingine, darasa la jioni nalo linahitaji."

"Vitakuwepo." Kisha akaelekea mlangoni, ambako dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi, na alipompita Ticha pale dirishani akampiga kofi dogo la mgongoni, lile la kumwamsha mtoto anayechelewa shule.

"Twende tukashushe, mwanangu," alisema. "Wewe shika upande ule."

Wakalishika boksi la kwanza wote wawili, yeye mbele, mama mkwe nyuma, wakaliingiza ndani.